Msitu Huu ni wa Nani? Jambo la Kuuliza Kabla ya Kuweka Sahihi



Mwaka jana, wakati wa kupanda, akina mama watatu wa kikundi kimoja tunachofanya kazi nacho walifika ofisini kabla sijafungua mlango. Walikuwa wametoka kwao alfajiri. Mwenyekiti alikuwa na karatasi zilizofungwa ndani ya leso, akazifungua polepole kama mtu anayefungua barua ya hospitali. Zilikuwa kurasa kumi na moja, zote kwa Kiingereza.

Mtu fulani alikuja kijijini kwa gari akawaambia kwamba kile kilima chao chenye msitu, mahali kikundi kimeweka mizinga 40 na kitalu cha miche, kinaweza kuleta pesa bila kukata mti hata mmoja. Pesa za kaboni. Mapatano ni ya miaka 30. Kilichobaki ni sahihi tatu za viongozi na muhuri wa kikundi. Basi wakaniuliza, "Mwalimu, tuweke ama tusiweke?"

Mimi sikujibu ndiyo wala hapana. Niliuliza, "Hicho kilima ni cha nani?" Mweka hazina akasema haraka, "Ni chetu." Nikamwuliza, "Chenu kwa maana ya kikundi, ama chenu kwa maana ya vijiji vyote vitatu vinavyochunga pale na kuokota kuni pale?" Wakatazamana. Hapo ndipo mazungumzo yalianza, na yalichukua siku nzima. Nimeona niandike yale tuliyosema, pamoja na mengine niliyosoma baadaye, kwa sababu najua kikundi hicho si cha mwisho kuletewa karatasi kama hizo.

Kwanza hii kaboni yenyewe. Majani ya mti huvuta hewa ya kaboni, ile inayotoka kwenye moto, magari na viwanda, na mti unaigeuza kuwa mbao, mizizi na majani. Kuni iliyokauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ukiichoma, au ikioza, kaboni inarudi hewani. Hewa hiyo ikizidi huko juu inaifunika dunia kama blanketi, joto halitoki, na mvua inasahau ratiba yake. Zamani tulisema mabadiliko ya hali ya hewa. Siku hizi redioni wanasema tabianchi. Ni jambo lile lile, na nyinyi mnalijua kuliko redio. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kavu za nchi yetu, na mifugo zaidi ya milioni 2 wakafa. Halafu Machi hadi Mei 2024 mafuriko yakaua karibu watu 300. Wanasayansi waliouchunguza ule ukame walisema mwaka 2023 kwamba bila joto lililoletwa na binadamu ungekuwa jambo la nadra sana. Joto hilo liliongeza uwezekano wake angalau mara 100.

Sasa nani aliyechafua? Katika hewa yote ya kaboni inayotokana na kuchoma mafuta na makaa ya mawe duniani, sehemu ya Kenya haifiki moja katika elfu. Ni kama mto: tajiri aliye juu anaosha magari yake, na sisi wa chini ndio tunaoteka maji ya kunywa. Ndiyo maana watu wanadai haki na si msaada. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubali kuwe na mfuko wa kuwafidia walioumia, na mwaka 2023 huko Dubai yakaanza kuahidi pesa za kuutia. Lakini kuna njia nyingine ambayo matajiri wameipenda zaidi. Kampuni ya ng'ambo inamlipa mtu wa huku atunze msitu, halafu inajihesabia kana kwamba moshi wake yenyewe umepungua. Wanaita mikopo ya kaboni, jina ambalo mimi naona linadanganya, maana hapo hakuna mkopo. Ni biashara ya kununua na kuuza.

Na kitu ambacho hakikuwa na bei kikipata bei ghafla, swali la mwenyewe ni nani linakuwa moto. Hakuna mahali tunapoweza kujifunza swali hilo vizuri kuliko Mau.

Msitu wa Mau ndio mkubwa kuliko yote mitano tunayoiita minara ya maji ya Kenya. Mingine ni Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na Cherangani. Mau ina ukubwa wa hekta 400,000 hivi. Huko ndiko unakotoka mto Mara, na Sondu, na Njoro, na Ewaso Ng'iro wa kusini, na mingine mingi. Maji yake yanafika Ziwa Victoria, Nakuru, Baringo na Natron. Mkulima wa chai wa Kericho na mvuvi wa Kisumu wote wanaitegemea, hata kama hawajawahi kuiona.

Ndani yake wanaishi Waogiek. Mahakama iliambiwa kuwa ni watu 20,000 hivi nchini, na 15,000 kati yao wako Mau. Tangu zamani walikuwa wawindaji na wapasua asali. Ardhi yao waliigawa ukoo kwa ukoo katika vipande virefu vinavyopanda kutoka chini hadi juu ya mlima. Nilipoelezwa sababu nilicheka kwa kufurahi, kwa kuwa ni hesabu ya werevu: maua hayachanui wakati mmoja mlima mzima, nyuki wanahama kufuata maua, na mwenye mzinga anapanda na kushuka pamoja nao ndani ya kipande chake bila kugombana na jirani. Mizinga yenyewe huchongwa kwa mtarakwa, kwa sababu hauozi upesi. Mtu ambaye ghala lake ni mti hawezi kufurahi mti ukichomwa.

Lakini serikali ya mkoloni haikuiona ardhi hiyo kama ardhi yenye mwenyewe. Hawakuwa na mashamba ya kulima wala boma kubwa za ng'ombe. Waliitwa Wandorobo, jina la Kimaasai la mtu asiye na ng'ombe. Tume ya Ardhi ya miaka ya 1932 hadi 1934 ilipendekeza wahamishwe wakae katika maeneo ya makabila mengine. Yaani kila kabila liliandikiwa mahali pake, nao wakaambiwa wakaishi kwa jirani. Tangu hapo wamekuwa wakitolewa msituni mara kwa mara, na serikali huru ikaendelea na kazi hiyo. Sababu iliyotajwa karibu kila mara ni moja: tunahifadhi msitu.

Sasa sikilizeni vizuri mambo ya miaka miwili tu. Waogiek wa Tinet, upande wa Nakuru, walienda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa. Machi 2000 majaji wakawakatalia. Walisema, kati ya mengine, kwamba watu hawa hawaishi tena kama babu zao, na kwamba kuwaondoa ni kwa ajili ya kuhifadhi mazingira. Haya. Mwaka uliofuata, 2001, serikali ile ile ikakata zaidi ya hekta 61,000 kutoka msitu huo huo wa Mau na kuzigawa kwa makao ya watu. Jopo lililochunguza mambo ya Mau, ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 2009, lilikuta kwamba katika miaka kama 20 hivi Mau ilikuwa imepoteza zaidi ya hekta 107,000, kiasi cha robo nzima. Ziliisha kwa makao yaliyopangwa vibaya au kinyume cha sheria, kwa uvamizi, na kwa kukata miti kwa wizi.

Mwenye mzinga akaitwa adui wa msitu, na mwenye kalamu akaikata hekta elfu sitini kwa ukurasa mmoja wa gazeti la serikali.

Oktoba 2009 Huduma ya Misitu, KFS, iliwapa Waogiek ilani ya siku 30 watoke. Wakati huu hawakurudi kwenye mahakama iliyowakatalia. Novemba mwaka huo mashirika yanayowatetea yalipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Banjul, Gambia. Walikuwa na mfano mbele yao. Waendorois, waliotolewa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama, walikuwa wamepeleka kesi yao kwa Tume hiyo hiyo, na uamuzi wa kuwapa haki ulitangazwa Februari 2010. Mwaka 2012 Tume ikaipeleka kesi ya Waogiek kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha. Machi 2013 mahakama ikaamuru mambo yasimame kama yalivyo mpaka kesi iishe.

Hukumu ilisomwa Mei 26, 2017. Ilisema Waogiek ni jamii ya wenyeji asilia, na Kenya imevunja haki zao kwa njia saba, pamoja na haki ya ardhi, ya dini, ya utamaduni na ya maendeleo. Kwa upande wa dini ilisema mtu akifukuzwa mahali anapozika na anapoabudu, haki yake ya ibada imeguswa. Lakini sehemu ambayo mimi ningependa isomwe katika kila baraza ni hii: serikali haikuweza kuonyesha kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau. Ushahidi ulionyesha wavamizi wengine, na serikali yenyewe iliyokata vipande vya msitu kwa makao na kutoa vibali vya kukata miti bila busara. Kwa hiyo kufukuza watu hakuwezi kuitwa dawa ya ugonjwa ambao hawakuuleta.

Kisha ikaja hukumu ya fidia, Juni 23, 2022. Serikali ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu, ziingie katika mfuko wa maendeleo wa jamii. Tulipiga hesabu hiyo na wale akina mama kwenye meza yangu. Ukigawa kwa watu 15,000, kila mmoja anapata elfu kumi na kidogo. Hata ndama wa maziwa hununui. Mwenyekiti akasema, "Basi hawakushinda kitu." Nikamwambia, ngoja nimalize. Mahakama iliamuru pia ardhi yao ipimwe, iwekwe mipaka, na jamii yote ipewe hati ya kuimiliki kwa pamoja, katika muda wa miaka miwili. Na kwamba washauriwe kabla ya mradi wowote kuanzishwa kwenye ardhi hiyo. Pesa huisha, lakini hati ndiyo inayomfanya mtu wa gari aje kwako akiwa na adabu.

Na hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Novemba 2023, hukumu zote mbili zikiwa zimesomwa, nyumba za mamia ya Waogiek zilibomolewa huko Sasimwani, Narok. Miaka miwili ile ya mahakama iliisha Juni 2024 bila hati kutolewa. Kutoka ilani ya siku 30 hadi hukumu ya fidia ni karibu miaka 13. Baadhi ya wazee waliotoa ushahidi wa mwanzo hawakuwepo kusikia mwisho. Kwa hiyo nikisikia mtu akiwaambia wananchi ati "nendeni kortini, mambo yatakwisha," mimi naona hajui anachosema. Korti ilitoa jibu. Kulitia jibu hilo miguu ni kazi nyingine, na ni ndefu vile vile.

Kuna mahali pengine ambapo mambo yalikwenda kwa njia tofauti kidogo, na naona vikundi vyetu vitafaidika zaidi hapo. Ni Chepkitale, juu Mlima Elgon, kwa Waogiek wa huko. Mwaka 2000 ardhi yao iligeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama bila wao kuulizwa. Badala ya kungoja tu wakili, walikaa mkutano baada ya mkutano, wazee na vijana na akina mama, wakaandika kwenye karatasi sheria zao za zamani za kutunza mlima: hakuna kuchoma makaa, hakuna kulima mashamba ya biashara juu kule, malisho yanatumiwa kwa zamu. Waliwakamata wachoma makaa wenyewe. Kesi yao ilipoamuliwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma, Septemba 2022, wakashinda: mahakama ilisema kugeuza ardhi yao kuwa hifadhi bila kuwashauri hakukuwa halali.

Sisemi kila Mogiek ni malaika, au kwamba kila mwenyeji wa msitu ni mhifadhi kwa damu. Wako waliolima viazi hadi ukingo wa mto, kama wako wa makabila yote. Na haki ya ardhi haitegemei mtu avae ngozi ili watalii waamini. Ninachosema ni kwamba watu wenye uhakika wa mahali pao wana sababu ya kutunga sheria na kuzishika. Aliyeambiwa atafukuzwa mwezi ujao ana sababu gani ya kupanda mti utakaokomaa baada ya miaka 40?

Hata wafadhili wamejifunza hilo kwa uchungu. Januari 2018 Umoja wa Ulaya ulisimamisha pesa za mradi mkubwa wa kutunza minara ya maji, baada ya mtu mmoja wa jamii ya Wasengwer kuuawa wakati maaskari wa msitu walipokuwa wakiwatoa watu Embobut, katika vilima vya Cherangani. Mradi ulikuwa wa hali ya hewa na maji, kitu kizuri. Lakini ulipita juu ya watu.

Turudi kwa sheria zetu, kwa maana yale akina mama waliyokuwa nayo leso ndani yanahukumiwa na sheria za Kenya na si za Arusha. Katiba ya 2010 inagawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii, na ya mtu binafsi. Misitu ya serikali na vyanzo vya maji viko katika ardhi ya umma. Lakini Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na misitu ya jamii, malisho na mahali pa ibada, na pia ardhi ya mababu na ile ambayo tangu jadi imekaliwa na jamii za wawindaji. Mnaona mvutano uliopo: msitu mmoja unaweza kuvutwa na vifungu viwili. Mau imenaswa hapo hapo.

Kwa vijiji vingi vyetu shida si hiyo. Ni kwamba ardhi ni ya jamii lakini haijaandikishwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya namna hiyo inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe mpaka waiandikishe. Kuiandikisha kuna kazi. Mkutano wa jamii nzima unaitishwa kwa tangazo, watu wanachagua kamati ya watu 7 hadi 15, orodha ya wanajamii inaandikwa, sheria ndogo zinaandikwa, halafu mpimaji anakuja. Mwanamke aliyeolewa mahali hapo ni mwanajamii kamili. Asikubali jina lake liachwe ati mume ameandikwa. Nimeona mara mbili orodha zikija na majina ya wanaume peke yake, na mara zote mbili mwandishi alisema alisahau.

Na sheria hiyo hiyo inasema mapatano na mwekezaji juu ya ardhi ya jamii si halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wayakubali, katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya jambo hilo. Nilipowasomea akina mama hapo, mweka hazina alishika kichwa. Kikundi chao kina wanachama 28. Cheti cha kikundi, kile mnachotundika ukutani na kupelekea benki, kinawapa ruhusa ya kuweka akiba, kufuga nyuki na kufanya biashara pamoja. Si hati ya ardhi. Watu 28 hawawezi kukiuza kwa miaka 30 kivuli cha vijiji vitatu, hata wakiwa na nia safi. Wangeweka sahihi, siku moja wangeamka wakute wamekuwa wavamizi machoni pa majirani zao wenyewe.

Kama kilima kingekuwa msitu wa serikali, njia ingekuwa nyingine: kuunda au kujiunga na chama cha msitu cha jamii, kile tunachoita CFA, kisha kuandikiana na KFS chini ya sheria ya misitu ya 2016. Njia hiyo inaweza kuzaa. Huko Gazi, Kwale, wanakijiji wanatunza mikoko hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwa mapatano na KFS. Tangu 2013 wanauza kaboni, na pesa zimeingia katika maji na shule. Ni eneo dogo, mipaka yake inajulikana, na anayetaka kuona kazi ya pesa anatembea kwa miguu hadi kwenye bomba la maji. Nadhani udogo huo ndio nguvu yake.

Upande mwingine uko Isiolo. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya huko iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa, ambayo ni sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni ya malisho, ilianzishwa bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa na sheria. Fikirini: kaboni imeshapimwa, imeshauzwa ng'ambo, halafu mahakama inarudi kwenye swali lile nililowauliza akina mama asubuhi ile.

Tangu Septemba 2023 kuna sheria ya biashara hii, mabadiliko ya Sheria ya Tabianchi. Mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mapatano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kama ni mradi wa ardhi. Karatasi za wale akina mama zilisema "mgao wa haki" bila nambari yoyote. Hata kama nambari ipo, ulizeni: asilimia 40 ya nini? Ya pesa zote zilizoingia, ama ya kile kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake? Na gharama hizo nani anazikagua? Ng'ombe mmoja anaweza kugawanywa hadi mwenye haki ya mguu akapata kwato.

Ulizeni pia tutakatazwa nini. Katika ukurasa wa saba tulikuta kwamba kuchunga "kutasimamiwa" na kuokota kuni "kutapunguzwa". Nani asimamie? Mbuzi wa mjane ambaye si mwanakikundi wataenda wapi mwezi wa Januari? Ulizeni tunaweza kutoka vipi kabla ya miaka 30, na watoto wetu walio darasa la pili leo watafungwa na sahihi hii wakiwa na umri gani. Ulizeni ugomvi ukitokea utaamuliwa wapi; karatasi zao zilitaja mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, na nauli yake ni zaidi ya akiba yote ya kikundi. Na msikubali kusomewa kwa haraka. Ombeni karatasi kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, zikae na kikundi mwezi mmoja au miwili, na mtu asiyelipwa na kampuni azisome. Mtu mwema hatakasirika kwa kuulizwa. Akikasirika, mmeshapata jibu moja bure.

Jambo dogo la mwisho kuhusu madai, kwa sababu wengi hulidharau. Kesi za Mau na Chepkitale zilibebwa na wazee waliokumbuka, lakini pia na vitu vinavyoshikika: ramani zilizochorwa na wenyeji wenyewe zikionyesha makaburi, mito na miti ya mizinga, barua zilizopigwa muhuri wa kupokelewa, miniti za mikutano zenye tarehe. Kikundi chenye kitabu cha miniti kilichoandikwa vizuri tayari kina nusu ya wakili. Mkienda kwa chifu au ofisi ya ardhi ya kaunti, nendeni na nakala mbili za barua, moja ipigwe muhuri mrudi nayo.

Wale akina mama waliondoka jioni. Wiki iliyofuata walimwita mzee wa kijiji na viongozi wa vijiji vile viwili vingine, wakawaonyesha karatasi. Kulikuwa na maneno makali. Vijana fulani walitaka sahihi iwekwe kesho yake, na kumbe mmoja wa viongozi alikuwa ameshapokea pesa za nauli kutoka kwa yule mtu wa gari. Alizirudisha mbele ya mkutano, shilingi elfu tatu. Tangu hapo wameandika majina ya familia zote zinazotumia kilima, wakakuta ni 214, na wamechora ramani juu ya karatasi ya manila, penye chemchemi wakatia rangi ya buluu. Barua ya kuomba kuandikishwa imepokelewa katika ofisi ya ardhi ya kaunti. Jibu bado.

Mtu wa gari alirudi mara moja. Alikuta mkutano wa watu zaidi ya mia badala ya akina mama watatu, akasema atawasiliana na wakubwa wake. Karatasi zile kurasa kumi na moja bado ziko ndani ya sanduku la kikundi, pamoja na kitabu cha akiba na muhuri, hazina sahihi. Funguo tatu za sanduku ziko kwa watu watatu, na tangu Agosti funguo moja imepelekwa kijiji cha pili.